Kibofu kipya cha utumbo baada ya saratani: nakipa nyota 4 kati ya 5

Wengi wanaoulizia hii operesheni wanajibiwa mambo ya wodini tu, kidonda kinapona lini, mrija unatolewa lini, basi. Mimi nina miaka kadhaa nacho kwa hiyo naandika ya baada ya hapo.

Kwa asiyejua, kibofu chenye saratani kinatolewa chote halafu wanakata utumbo mwembamba kama sentimita 50 hadi 60, wanaupasua na kuushona uwe kama kifuko cha mviringo, mirija ya kutoka kwenye figo inaunganishwa hapo na chini kinaungwa na njia yako ileile ya mkojo. Hakuna begi la mkojo la kubandika tumboni, na kwa hilo tu mimi nashukuru sana.

Lakini jamani ule ni utumbo, haujui kazi ya kibofu. Hamu ya kukojoa haiji kama zamani, wengine tunasikia tu tumbo zito. Unakaa chooni, unalegeza misuli ya chini, unainama mbele mkono uko chini ya kitovu, unasukuma taratibu na kusubiri. Mwanzo ni kila masaa 2 mchana na usiku kwa alamu, unaongeza pole pole mpaka masaa 3 au 4 na kifuko kinafika mililita 400 au 500, hapo panatosha. Ukikizoesha kujaa kupita hapo kinalegea, hakimwagi chote, unaishia kujiingizia katheta (kimrija cha kutolea mkojo) mwenyewe kila siku, na wanawake hili linawapata zaidi kwa hiyo wafundishwe mapema kabisa.

Mchana wengi wetu tunakuwa wakavu. Usiku ndo nyota yangu moja imepotelea hapo. Ukilala misuli inalegea, ule ujumbe wa kuiambia ikaze haupo tena, halafu utumbo wenyewe unaongezea maji kwenye mkojo mzito, yaani kinajaa haraka kuliko unavyodhani. Kuna watu miaka imepita na bado wanalala na pedi, na hawajakosea chochote. Alamu inasaidia, na kupunguza kunywa jioni, ila mchana kunywa maji ya kutosha maana utumbo unatoa ute, unauona kwenye mkojo kama nyuzi nyeupe, ukiwa mwingi unaziba na inabidi kusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali kupitia katheta.

Sasa kubwa zaidi, na hospitali niliyofanyiwa haikunieleza vizuri: vipimo haviishi. Utumbo unarudisha asidi ya mkojo kwenye damu, wewe unajikuta umechoka, hamu ya kula inapotea, kumbe ni hiyo, na vidonge vya baikabonati vya kupunguza asidi vinasaidia. Vitamini B12 nayo inashuka kimyakimya kwa sababu ini lina akiba ya miaka, ukija kusikia ganzi miguuni imeshaisha zamani. Mirija ya figo inaweza kuziba pale ilipoungwa na usisikie maumivu yoyote huku figo inaharibika, ndo maana ultrasaundi na damu ni za maisha, achilia mbali kuangalia kama saratani imerudi. Na ukipimwa mkojo bakteria wataonekana mara nyingi tu, kama huna homa wala maumivu mwambie daktari mgeni una kibofu cha utumbo kabla hajakuandikia antibaiotiki.

Nguvu za kiume zinaweza kupungua sana, inategemea mishipa ya fahamu iliokolewa au la, uliza kabla.

Mwenye figo dhaifu au saratani iliyofika kwenye njia ya mkojo, begi linamfaa zaidi, na wenye begi wengi wanaishi vizuri tu, tafiti hazijaonyesha wazi kwamba sisi tunawazidi. Ukienda kuonana na daktari wa upasuaji muulize wagonjwa wake wangapi wanalala wakavu baada ya mwaka, na nani atakufundisha katheta kabla hujaruhusiwa.