Uzoefu wangu na darasa la Kinubi la Jumamosi, Makina

Mimi ni Mmaragoli niliyeolewa na Mnubi, na watoto wangu wamekulia Makina, mtaa wa Kibra hapa Nairobi, bila Kimaragoli wala Kinubi, lugha ya Wanubi, wazao wa askari wa Sudan. Wanazungumza Kiswahili, Sheng na Kiingereza cha shule. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwapeleka kwenye darasa la Kinubi linaloendeshwa na wazee na vijana wa mtaa kila Jumamosi, watoto wakishatoka madrasa na swala ya adhuhuri imepita. Wazazi kadhaa wameniuliza kama linafaa. Linafaa sana, lakini kwa mzazi aliye tayari kuketi na kujifunza pamoja na mtoto wake. Ukimwacha mlangoni ukaenda zako soko la Toi, jioni utamchukua akiwa na wimbo mmoja kichwani, nao utakuwa umepotea kabla ya Jumatano.

Ukumbi ni wa kuazima na watoto hukaa mkekani. Kila bibi, ambaye wote tunamwita habuba hata kama si wa nyumbani kwetu, hupewa watoto wachache na kazi ya mikono: kukoroga unga wa gurusa (chapati nyembamba za Kinubi), kusuka tabaga (vifuniko vya chakula), kukunja nguo, kupanga vyombo. Kuanzia hapo ni Kinubi tu. Mtoto akiuliza kwa Kiswahili atajibiwa kwa Kinubi, na asipoelewa ataonyeshwa kwa mkono. Hakuna orodha ya msamiati ya kukariri. Vijana wanaoratibu walitueleza kwamba mtindo huu wameuiga kwa Wamaori wa Nyuzilandi, ambao tangu mwaka 1982 wana vituo vya kōhanga reo, ambamo watoto wadogo hulelewa kwa Kimaori na wazee wa jamii wakiwa humo humo. Tofauti ni kwamba kule mtoto hushinda kituoni siku nyingi za wiki. Sisi tuna alasiri moja, kwa hiyo nyumbani ndiko kwenye kazi kubwa.

Binti yangu, aliye gredi ya tatu, mwanzoni alikuwa akimtazama habuba mdomoni bila kusema neno. Niliona uchungu, maana ni mtoto mwenye maneno mengi. Kilichonifanya nisadiki ni ugomvi. Siku moja yeye na mwenzake walizozana juu ya nani amimine maji kwenye unga, na wakazozana kwa Kinubi, haraka haraka, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Hakuna aliyewaamulia. Habuba wao alikuwa amegeuka pembeni, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Sisi wake tuliotoka jamii nyingine tuna kona yetu, na hiki ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vyote. Makina imejaa ndoa za mchanganyiko. Baba akiwa kazini kutwa, lugha ya mama ndiyo inayosikika ndani ya nyumba, na mama asiyejua Kinubi atasema Kiswahili. Ndivyo inavyokwisha, bila mtu kuikataza. Darasani kwetu tunafundishwa na mwalimu mstaafu mwenye subira ya ajabu. Nilidhani itakuwa ngumu kwa sababu msingi wa Kinubi ni Kiarabu, kumbe kilizaliwa kambini, miongoni mwa askari wa Sudan wa karne ya 19 waliotoka makabila mengi na kulazimika kuelewana, na sarufi yake ni nyepesi kwa mgeni. Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata mtu: ana gi rua (nakwenda), ita gi rua (unakwenda), umon gi rua (wanakwenda). Ukitaka wakati ujao unaweka bi mahali pa gi. Ngeli hakuna. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Lindi ya hapa Kibra, huzungumza na wanawake wa Sudan Kusini sokoni wakaelewana, kwa kuwa Kiarabu cha Juba ni ndugu wa karibu wa Kinubi. Sasa na mimi nadokoa sentensi mbili tatu katika mazungumzo yao.

Kuna wanaouliza kwa nini shule isifanye kazi hii. Sera ya elimu tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na pale palipo na mchanganyiko wa watu, lugha hiyo ni Kiswahili. Kwa Nairobi maana yake ni kwamba Kinubi hakina kipindi, ingawa mtaala mpya una somo la lugha za asili na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iziendeleze. Kwangu hili ni jambo la kusikitisha. Kibra ni mahali Wanubi walipokaa zaidi ya miaka mia moja, na kama si hapa, Kinubi cha Kenya kitakuwa na shule wapi?

Historia hiyo nayo hufundishwa, na hufundishwa vizuri. Watoto wakubwa walichorewa ramani na mzee mmoja: Makina, Kambi Muru, Lindi, hadi Laini Saba ambako askari walikuwa wakilenga shabaha. Waliambiwa kuhusu ekari 4,197 zilizotengwa rasmi mwaka 1918, na hati ya ardhi ya Wanubi ya mwaka 2017 inayotaja ekari 288. Mzee hakutoa hotuba. Aliandika namba hizo mbili ubaoni akawaacha wafanye hesabu ya kutoa wenyewe. Mwanangu alirudi nyumbani na maswali ambayo baba yake alihitaji usiku mzima kuyajibu.

Upande wa familia una chama cha akina mama na msaada wa nyaraka. Kama hujaishi hapa, pengine hujui uzito wa cheti cha kuzaliwa kwa mtoto wa Kinubi. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, kwa kutowasajili na kuwaacha bila uhakika wa uraia. Vijana waliofikisha miaka 18 walikuwa wakihojiwa na kamati za wazee kabla ya kupata kitambulisho, hadi Rais Ruto alipotangaza Februari 2025 kuuondoa utaratibu huo. Mpwa wa mume wangu aliwahi kuzungushwa na afisi moja hadi akakata tamaa. Darasani kuna kijana anayejua fomu zote na foleni zote, na alimsindikiza hadi mwisho. Msaada huo haukuhitaji malipo. Mchango wetu ni shilingi 50 kwa mtoto, za unga na mafuta.

Sasa kasoro. Msaada wa kazi za shule, ambao ulitangazwa sana, ni dhaifu. Waliojitolea ni wachache na hisabati ya madarasa ya juu hakuna anayeiweza vizuri. Vijana wa sekondari hawaji, na siwalaumu, kwa sababu hawakutengewa lolote zaidi ya kukaa na wadogo zao. Wapeni simu wakawarekodi habuba wakisimulia, mtawaona. Kusoma na kuandika pia kumeachwa nyuma: karatasi tunazopewa zina tahajia tofauti kila mara, na hadithi za watoto za kuchapishwa hatuna. Nimependekeza waanze na hadithi za tovuti ya African Storybook, ambazo leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzitafsiri na kuzichapisha bila malipo. Wamekubali, na mwalimu wetu mstaafu ameanza na moja.

Anayetaka kujiunga afike Jumamosi ya kwanza ya muhula, mapema, na akiwa na mzee nyumbani anayezungumza Kinubi aje naye. Watoto walio kwenye orodha ya kusubiri ni wengi, na kinachowazuia kuingia ni uchache wa habuba.