Vifaa vya mpira wa pete kwa klabu ya shule ya wasichana: nguzo kwanza, jezi baadaye

Shule ikipata fedha kidogo za michezo, mara nyingi hukimbilia jezi. Kwa klabu ya wasichana inayojiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, huo ni mwanzo mbaya. Anzeni na nguzo.

Nguzo halali ina urefu wa mita 3.05, na pete yake ina kipenyo cha milimita 380, bila ubao nyuma. Kwa kuwa goli la kikapu lina urefu uleule, wafungaji wengi hufanyia mazoezi huko. Wanaharibiwa. Pete ya kikapu ni pana, sentimita 45, na ubao unarudisha ndani mpira uliokosewa. GS (mfungaji) aliyezoea hivyo hurusha chini chini kwa nguvu; siku ya mechi mpira unagonga ukingo au unapitiliza nje. Mpira namba 5 una kipenyo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo nafasi inayobaki ni kama sentimita 8 kila upande, na utaipata tu ukishusha mpira kutoka juu.

Nguzo ya tairi lililojazwa zege ni nafuu, na fundi yeyote wa kuchomelea anaiweza. Kwa mazoezi ya pembeni inatosha, kwa mechi hatuipendekezi. Bomba linasimama katikati ya tairi, hivyo likikaa kwenye mstari wa goli, nusu ya tairi imo uwanjani, pale pale GK (mlinzi wa goli) anapotua baada ya kuruka. Vifundo vya miguu huteguka hapo. Bora kuzika bomba pana kwa zege, kina cha sentimita 60 hivi, kisha nguzo ichomekwe ndani na tundu lifunikwe kwa mfuniko baada ya mchezo. Mwambieni fundi pete itokeze milimita 150 mbele ya nguzo, na kabla hamjamlipa wekeni pima maji juu ya pete: ikiinama mbele hata kidogo, mkatae airudie.

Kwenye mipira, chagueni yenye vipele vinavyoshika mkono, mzingo wa sentimita 69 hadi 71, uzito wa gramu 400 hadi 450. Mpira wa miguu una mzingo karibu sawa, lakini uso wake laini huteleza kwenye vidole vyenye jasho, na pasi za kifuani hupotea ovyo. Kwa uwanja wa changarawe nunueni wa raba. Wa ngozi unachunika mapema, utunzwe kwa mechi. Wasichana 24 wanahitaji mipira 8 angalau, la sivyo wengi watasimama wakitazama. Sindano ya pampu ilowekwe kwanza kwa glisirini au mate: ikiingia kavu inachana vali, na mpira mpya unavuja polepole bila tundu lolote kuonekana.

Vizibao ni 7 kwa kila timu, rangi mbili, jumla 14. Herufi za nafasi ya mchezaji za kubandika na kubandua zinavutia dukani, ila vumbi likiingia hazishiki tena, na C (mchezaji wa kati) anajikuta kifua kitupu katikati ya robo ya pili. Chukueni vizibao vilivyochapwa herufi, urefu wa milimita 150, mbele na nyuma, vyenye kamba za kufunga ubavuni ili vimtoshe mwembamba na mnene, na vivaliwe juu ya nguo ya mikono mirefu kwa wanaojistiri. Hijabu iwe ya kuvuta kichwani, isiyo na pini.