Daftari la Sala Lisilo na Nafasi ya Kesho
Nimelitumia daftari hili la sala kila alfajiri kwa miezi mitatu, na jambo lililonivutia tangu mwanzo ni kwamba ukurasa wake hauna nafasi ya kesho: unaandika hitaji la leo, shukrani ya leo na tendo moja la leo, mfano wa ile mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani (kitabu cha Kutoka sura ya 16), ambayo ilipobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu. Sehemu ya tendo ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa siku niliyoandika "kumwomba radhi jirani" sikuweza kulifunga daftari na kujifanya nimekwisha kusali. Dosari yake kubwa ni kisanduku kidogo cha kuweka alama ya vema pale ombi linapojibiwa, ilhali mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe taabu aliyoiita mwiba katika mwili wake (2 Wakorintho 12) akapewa neema, si kuondolewa mwiba. Jibu la namna hiyo haliingii kisandukuni, nami huliandika pembeni kwa penseli. Karatasi nazo ni nyepesi mno, wino hupenya upande wa pili. Hata hivyo, nimekwisha kununua la pili.