Mvinyo Mweupe wa Mapovu kwa Joto la Mombasa: Upi Ununue, Uumimine Vipi

Ukiingia duka la vinywaji Nyali au Bamburi kutafuta mvinyo mweupe wa mapovu, usianze kwa kusoma jina. Ishike chupa kwanza. Ikiwa ina uvuguvugu, au imesimamishwa dirishani jua linapopiga, irudishe rafuni, hata kama ni ya jina kubwa na bei imeshushwa. Nimewaandalia watu meza za harusi na karamu pwani hii kwa miaka mingi, na chupa nyingi zilizonivunja moyo hazikutoka kiwandani zikiwa mbovu. Ziliharibikia huku huku kwetu, kwa joto la miezi ya kaskazi na taa za dukani zinazowaka kutwa kucha.

Joto huuchosha mvinyo: uchangamfu wake unakufa, na ladha inakuwa kama ya tofaa lililopikwa. Mwanga nao una madhara yake. Chupa ya kioo cheupe ikikaa wiki kadhaa chini ya taa huweza kutoa harufu ya kabeji ya kuchemsha. Kioo cha kijani kilichokoza hukinga zaidi. Kwa hiyo mwombe muuzaji akutolee chupa iliyo bado ndani ya katoni, nyuma, penye kivuli. Duka zuri halitakasirika. Na pendelea duka ambalo bidhaa hii inatoka kila wiki, si lile ambalo chupa zina vumbi mabegani. Stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, iwepo, na ukiwa na shaka, ikague kwa programu ya Soma Label kwenye simu yako kabla hujalipa.

Kisha soma neno la sukari, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotea. *Brut* ni mkavu: sukari haifiki gramu 12 kwa lita. *Extra Brut* ni mkavu zaidi, gramu 0 hadi 6. Lakini *Extra Dry*, ambalo kwa maana ya maneno yake lingepaswa kuwa kavu kupita yote, ni tamu zaidi kidogo kuliko Brut: gramu 12 hadi 17. *Demi-Sec* ni tamu waziwazi, gramu 32 hadi 50. Nimeona bibi harusi aliyetaka kinywaji kitamu akipelekewa katoni nzima ya Brut, na wageni wake wakaacha glasi zimejaa mezani. Fedha ile ingenunua samaki wa kutosha.

Sasa nipange mwenyewe, kwa mfuko wa mtu wa Mombasa na kwa chakula cha Mombasa.

Nafasi ya kwanza naipa *Cap Classique* ya Afrika Kusini, na sioni haya kuiweka juu ya Champagne. Hutengenezwa kwa njia ile ile ya Wafaransa: mvinyo uliokwisha kuchachuka hutiwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, ukafungwa, ukachachuka mara ya pili humo humo. Gesi haina pa kutokea, ikayeyuka ndani ya mvinyo. Baadaye chupa hulazwa juu ya mashapo ya hamira kwa angalau miezi 12, na hapo ndipo inapopata ile harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Wa kwanza wa aina hii huko ulitoka shamba la Simonsig, Stellenbosch, mwaka 1971, ukiitwa Kaapse Vonkel na ukitengenezwa kwa zabibu za Chenin Blanc. Jina lenyewe la Cap Classique lilikuja 1992. Brut ya Graham Beck, mtengenezaji wa huko huko, ndiyo iliyomiminwa Mandela alipoapishwa 1994. Ukiipata chupa ya namna hii iliyotunzwa vizuri, usiendelee kuzunguka. Ila soma lebo kwa makini, kwa sababu si kila mvinyo wa mapovu kutoka Afrika Kusini ni Cap Classique. Ile ya bei nafuu zaidi, tamu, inayopendwa sana kwenye sherehe zetu, kwa kawaida hupewa mapovu ndani ya tangi au kwa kupuliziwa gesi. Si kosa kuinunua, mradi ujue unachokilipia.

Ya pili ni *Cava* ya Uhispania, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Penedès, Katalunya. Nayo huchachuka ndani ya chupa, na hulala miezi 9 angalau. Ukiona neno *Reserva*, ni 18. Ina ukavu wa ndimu na harufu ya udongo kidogo, na bei yake mara nyingi ni ya heshima. Ningeipenda zaidi kama ingepatikana kwa urahisi madukani kwetu.

*Prosecco* ya Italia ni ya tatu. Hii huchachushwa mara ya pili ndani ya tangi kubwa, si chupani, na hufanywa kwa zabibu za Glera. Usitafute mkate humu. Utapata peasi, tofaa bichi na maua. Ni nyepesi, na kwa jioni ya kukaa barazani upepo ukivuma kutoka baharini sijui kilicho bora. Extra Dry yake ndiyo ninayoipendekeza kwa samaki wa kupaka, kwa sababu utamu ule mdogo unakutana na tui la nazi na kuituliza pilipili. Brut kavu ikikutana na pilipili kali huchoma mdomo mara mbili. Inywe ikiwa changa, usiiweke miaka.

*Champagne* naiweka ya nne, na sababu ni bei, si ubora. Jina hili ni la mvinyo wa eneo la Champagne huko Ufaransa peke yake, ingawa sisi tumezoea kuita kila chupa yenye povu shampeni. Isiyo na mwaka wa mavuno kwenye lebo lazima ikae miezi 15 kabla ya kuuzwa. Yenye mwaka, miaka 3. Ina kina ambacho hizo nyingine hukifikia kwa nadra. Lakini kwa bei ya chupa moja hapa waweza kupata Cap Classique kadhaa. Inunue kwa jambo la watu wawili au wanne watakaokaa na kuionja, si kwa ukumbi wa watu mia wanaopiga vigelegele.

*Asti* na *Moscato d'Asti* za Italia huja mwisho kwa sababu kazi yake ni moja tu, nayo huifanya vizuri: vitu vitamu. Kileo chake ni kidogo, Asti takriban asilimia 7, Moscato d'Asti 5 na kidogo. Ukiwa na kaimati au tende, hii ndiyo yako. Brut mbele ya shira inageuka chungu.

Kwa mahesabu, chupa ya mililita 750 hutoa glasi 6. Kama ni ya kutakiana heri tu, ukimimina kidogo, hufika 8. Hesabu wanaokunywa peke yao, maana hapa kwetu mezani huwapo wengi wasiokunywa, na hao wawekewe madafu au juisi ya ukwaju kwa glasi zao, zilizowekwa kando tangu mwanzo.

Tuje kwenye kumimina. Nyuzi 6 hadi 8 ndizo ninazotaka chupa inapofunguliwa, kwa sababu kwa joto la Mombasa hata kabla hujamaliza glasi itakuwa imepanda hadi 10 au zaidi. Saa 3 kwenye friji zinatosha. Stima ikipotea, chukua ndoo, tia barafu na maji nusu kwa nusu, zamisha chupa hadi shingoni, dakika 30. Barafu bila maji hupoza polepole, kwani haiigusi chupa kote. Konzi ya chumvi huharakisha. Usiitie friza ukaisahau, itapasuka.

Mwaka mmoja nilikwama foleni ya feri Likoni na katoni ndani ya buti la gari. Tulipofika, watu walikuwa wakisubiri, nikafungua chupa ya kwanza bila kuipoza. Kizibo kiliruka, nusu ya mvinyo ikaishia kwenye kitambaa cha meza. Ndani ya chupa kuna mgandamizo wa hadi mara 6 ya ule wa hewa inayotuzunguka, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo, na joto huuongeza. Kwa hiyo poza, kisha toa karatasi, weka dole gumba juu ya kizibo, na fungua waya bila kuondoa dole hilo. Inamishe chupa kidogo, mdomo usielekee mtu. Shika kizibo, zungusha chupa yenyewe kutoka chini. Sauti inayotakiwa ni ya pumzi tu.

Glasi iwe nyembamba kiasi, iliyonenepa katikati, ili harufu ipate pa kukaa. Isuuze vizuri, kwa kuwa mabaki ya sabuni huua mapovu. Mimina kidogo, subiri povu litulie, ongeza. Chaza, kamba wa kukaanga, bhajia, viazi karai: chumvi na mafuta ndiyo marafiki wa Brut.

Ikibaki, kijiko cha chuma shingoni hakizuii gesi hata kidogo. Nunua kizibo cha kubana, rudisha friji, na kesho yake jioni bado kutakuwa na mapovu ya kutosha.