Uzoefu wangu: baiskeli ya resi ya kukodi, Mjini mpaka Paje kupitia msitu wa Jozani

Nimerudi juzi kutoka Unguja na mapaja bado yanauma, kwa hiyo naandika sa hivi kabla sijasahau vitu. Nilikodi baiskeli ya resi pale Mjini nikaendesha mpaka Paje, kijiji cha pwani ya mashariki, na kurudi siku hiyo hiyo, ni kama kilomita 50 kwenda na 50 kurudi, na katikati hapo barabara inapita ndani kabisa ya msitu wa Jozani, ambao ndo ulionipeleka. Mimi ni wa Dar, huku tunaamka saa kumi usiku ili tuendeshe kabla malori hayajaingia barabarani, sasa kusikia kuna lami nzuri inayopita chini ya miti na kima wanavuka mbele yako, nilikuwa naiota hiyo safari tangu mwaka jana.

Nianze na baiskeli maana ndo niliyoilipia. Elfu arobaini kwa siku, ukaacha na kitambulisho. Duka silitaji. Fremu ilikuwa kubwa kwangu, siti tukaishusha mpaka mwisho, hilo nikasema sawa nitavumilia. Gia zilikuwa safi, cheni imepakwa mafuta, hapo nawapa haki yao. Ila tairi zile nyembamba zilikuwa zimeshaanza kupasuka pasuka pembeni, na breki ya nyuma ukiivuta inakuja mpaka inagusa usukani ndo inashika kidogo. Nikamwambia kijana naomba unikazie hii waya, akaikaza nusu, tukajaribu hapo nje ya duka mwendo wa kutembea, ikaonekana inafanya kazi. Nikaomba tyubu ya akiba na pampu, akaniambia kaka huko ni lami tupu mpaka Paje, hupati pancha. Hapo ndo ningetakiwa kurudisha hela yangu mfukoni, lakini ilikuwa jioni na kesho yake ndo siku pekee niliyokuwa nayo.

Nikatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Fuoni mpaka Tunguu hakuna cha kusimulia sana, daladala na bodaboda wengi, kaa pembeni uwe na macho mbele na nyuma. Raha inaanza Bungi, kwenye ile miembe. Wale wasioijua, ni miembe mikubwa ya zamani imesimama pande mbili za barabara kama imepangwa foleni, inasemekana aliyeipandisha ni Bi Khole, binti wa Seyyid Said aliyekuwa sultani wa Zanzibar, na magofu ya jumba lake yapo hapo karibu kuelekea baharini. Mashina yana vifundo vikubwa, na juu matawi yanakutana kabisa. Kwa gari unapita kwa dakika moja tu. Kwa baiskeli jua la asubuhi linakupiga usoni vipande vipande, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, nikajikuta nimeacha kupiga pedeli.

Sasa Jozani. Mtu akisema msitu wa pwani unafikiria vichaka vya jua kali lakini huu una sehemu ambayo maji yapo juu juu ardhini, kwa hiyo miti ni mirefu, mitondoo mikubwa, michikichi, na ukiingia tu unasikia ubaridi kwenye mikono kama mtu kafungua mlango wa friji, na harufu ya majani yaliyolowa. Barabara hiyo ni ya umma, kupita hulipi kitu, unalipa ukitaka kuingia hifadhini kutembea na mtembezaji. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, ndo pekee Zanzibar, kilomita za mraba 50 hivi.

Na kuna matuta manne. Waendesha resi tunayachukia matuta najua, ila haya naomba tuyaheshimu. Barabara ilipowekwa lami 1996 magari yakaanza kukimbia, na kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wakawa wanagongwa, watafiti walikadiria mmoja kila wiki mbili tatu. Yakawekwa matuta, ikapungua mpaka kama mmoja kila wiki sita. Imepungua sana lakini bado wanakufa, na hawa ni wanyama wa Unguja hii hii, asili yao haipo pengine popote duniani.

Mimi nilikuwa nimeshavuka tuta nashuka taratibu, siyo mbio, labda kilomita ishirini kwa saa, punju mmoja akashuka kutoka kwenye mti wa kushoto akaingia lami. Nikavuta breki zote mbili. Ya nyuma ikaja mpaka kwenye usukani na haikushika KABISA, ya mbele ikashika yenyewe, tairi la nyuma likanyanyuka kidogo, nikaweka mguu chini, nikasimama kama hatua nne kutoka alipo. Alikuwa mama, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Hakukimbia. Alinitazama, ule uso mweusi wenye midomo ya pinki na nywele nyeupe zimesimama kuzunguka kichwa, mgongo mwekundu wa kutu, halafu akaendelea kuvuka, na nyuma yake wakaja wengine saba, mmoja mmoja. Wa mwisho alikaa kidogo kwenye tawi la chini pembeni yangu na mkono wake niliuona vizuri, vidole vinne virefu, dole gumba hakuna. Moyo ulikuwa unanidunda vibaya. Ningekuwa na mwendo wa kawaida wa resi, ningemgonga yule mama na mtoto wake, na mimi ningekuwa hospitali.

Wakati bado nimesimama ikaja gari ya watalii, ikapunguza kwenye tuta, ikishavuka tu dereva akakanyaga mafuta. Nilimpungia mkono asimame, nashukuru alisimama.

Hifadhini niliingia baadaye, huduma ya pale nzuri, baiskeli wakanitunzia getini bila kudai kitu. Mtembezaji wangu kijana wa kijiji cha jirani, anaijua kila mti, akanielezea kwamba punju wanakula mkaa kwenye mashamba ya watu, kwa sababu majani ya miti ya mwembe na mkungu yana vitu vinavyowasumbua tumbo na mkaa unavifyonza. Tukamalizia kwenye mikoko ya Pete, ile njia ya mbao juu ya matope, maji yalikuwa yamekupwa, kaa wadogo wamejaa kila mzizi. Usiwalishe punju na usiwashike hata wakija karibu, wana kawaida ya kukaribia sana watu pale.

Mbele ya Kitogani, msitu umeisha, ni vichaka vya maweni, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, na jua, na upepo wa kusi unakuja usoni moja kwa moja (mwezi wa saba huo), tairi la nyuma likaisha upepo. Kipande cha chupa. Ile lami tupu isiyo na pancha! Nikakokota kurudi Kitogani kwenye jua, nikaonyeshwa fundi chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Baskeli imekufa?"

"Imepata pancha mzee wangu."

"Haya ilaze hapa tuitizame."

Akatoa tairi kwa mpini wa kijiko, tyubu kwenye beseni la maji, mapovu yakaonekana, msasa, solusheni, kiraka, dakika kumi tu. Tatizo likaja kwenye kujaza. Valvu ya resi ni nyembamba na pampu yake ni ya kichwa kikubwa, upepo wote unatoka pembeni. Akaigeuza geuza, akanyamaza kidogo, halafu akachukua kile kifuniko kidogo cha plastiki cha valvu, akakikata ncha kwa wembe, akalegeza ile nati ndogo ya juu, akakifunga kifuniko juu chini, kichwa cha pampu kikakaa juu yake. Upepo ukaingia. Haikuwa ngumu kama inavyotakiwa ila ilinibeba mpaka Paje na mpaka Mjini. Akaniambia elfu mbili. Nikampa elfu tano akakataa, akanirudishia chenji yote.

Paje nilikula pweza na chapati nikarudi. Kurudi kusi iko mgongoni, raha tupu, msituni nilipita saa kumi jioni mwendo wa kutembea. Dukani nikawaambia habari ya breki na punju, wakaangalia kiraka kwenye tyubu wakanitoza elfu kumi. Wala hawakuigusa ile breki, na kesho yake kuna mtu mwingine kapewa.

Kwa hiyo barabara nyota tano, baiskeli mbili, na hizo mbili ni za gia. Ukienda, jaribu breki kwa mwendo wa kweli kabla hujalipa, beba tyubu na pampu yako, na vaa bukta pana juu ya ile ya kubana maana unapita vijijini kwa watu wazima. Mimi safari nyingine napakia ya kwangu kwenye boti. Na yule mzee wa Kitogani nampelekea pampu yenye kichwa cha valvu nyembamba, nimeshainunua Kariakoo, iko hapa mezani.