Isetta 300: mlango ndio uso wa gari

Haya jamani, mnaoniuliza kila wiki ile Isetta, kigari changu kidogo cha zamani, imefia wapi, hii hapa. Isetta 300 iliyoundwa Brighton, Uingereza, magurudumu matatu, rangi imekauka jana. Injini mnaijua, ya BMW, silinda moja, cc 298, siirudii. Twende kwenye mlango.

Tazama. Nashika kitasa, navuta... uso mzima wa gari unafunguka kama friji! Na usukani unaufuata mlango, umeuona? Sogeza kamera. Jointi hii ya chini ndiyo inauachia ukunjike. Nafunga. Nafungua. Aisee, sichoki! Ilikuwa imeganda kwa kutu, nimeilowesha dizeli wiki mbili.

Sasa, ukiegesha pua imegusa ukuta, umekwisha. Rivasi haina! Enzi hizo Uingereza, leseni ya pikipiki ilitosha kuendesha gari la magurudumu matatu, mradi lisiwe na rivasi. Unatokea juu, kwenye paa la turubai. Nimejaribu. Mke wangu alinirekodi, na ile video hamtaiona.

Wale wa Messerschmitt KR200, kigari kingine cha magurudumu matatu cha enzi hizo, walikuwa wajanja: unazima injini, unaiwasha izunguke kinyume, unapata gia nne za kurudi nyuma. Nne! Lakini kioo kile cha juu, jua likiwaka unaiva humo ndani. Mimi nabaki na friji langu.

Lile turubai la paa la Isetta limenitia hasara. Nilitaka kifuniko cha injini. Kwa kuwa nashinda kwenye video za Wamarekani, nikamwandikia muuzaji wa hapa Uingereza "hood". Mmarekani hapo anaelewa boneti. Mwingereza anaelewa paa la kukunja. Na Isetta boneti haina, mbele ni mlango! Kikaja kifurushi: turubai jipya kabisa, na langu ni zima. Mtoto wa gereji za Ilala mimi, nimekua na boneti, buti, spana, madigadi, maneno ya Mwingereza yote hayo, halafu najifanya Mmarekani. Wale petroli wanaiita "gas". Kwetu ukimtuma mtu gesi, anarudi na mtungi wa kupikia.

Jumapili tunaiwasha laivu, msikose. Bei ya matengenezo? Sitaji, mke wangu naye amesabskraibu. Ila turubai lipo, halijafunguliwa, anayelitaka aandike hapo chini. Kwa Kiswahili.