Tathmini ya huduma: kuweka trapu ya shawa kwenye sakafu ya zege, Donholm

Nyumba nyingi za chini katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi zina sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya mawe na udongo, hivyo anayetaka kugeuza stoo kuwa bafu hana nafasi tupu ya kupitishia bomba na hana budi kuikata sakafu yenyewe. Kazi hiyo niliwakabidhi mafundi wawili wa mabomba wenye karakana yao hapa Donholm. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu sehemu yake iliyo bora imekwisha kufukiwa, na anayekuja kutazama vigae hawezi kuiona.

Fundi mkuu alianzia nje. Alifunua manholi, yaani shimo la kukagulia bomba la majitaka, akapima kina cha bomba la majitaka, kisha akapiga hesabu kurudi ndani: bomba la inchi 2 likishuka milimita 25 kwa kila mita, mwendo wa mita 4 humaliza sentimita 10 za kina kabla ya trapu yenyewe, yaani kikombe cha sakafuni kinachopokea maji ya shawa, kuhesabiwa. Wapo mafundi wanaobomoa kwanza na kutafuta mteremko baadaye, na matokeo yake ni bomba lililolala karibu tambarare, ambalo sabuni na nywele huganda ndani yake. Aliposikia jirani akishauri maji yaelekezwe kwenye mtaro wa mvua kwa kuwa uko karibu zaidi, alikataa katakata, na alifanya vyema, kwani maji ya bafu ni majitaka na hayana ruhusa ya kuingia huko.

Zege ilikatwa kwa grainda yenye diski ya almasi, mstari huku na mstari kule, ndipo sehemu ya katikati ikabomolewa kwa nyundo ya umeme. Mkato wa namna hiyo huzuia nyufa zisitambae hadi kwenye sakafu nzima. Ndani yake kulikuwa na BRC, wavu wa nyaya za chuma unaoimarisha zege, na chini yake karatasi ya nailoni inayozuia unyevu usipande. Upande huu wa jiji una udongo mweusi unaofura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo nailoni iliyotobolewa na kuachwa vivyo hivyo ni mwaliko wa ukuta kuvimba rangi. Mafundi hawa walilaza bomba juu ya mchanga laini, wakatandika nailoni mpya iliyopandana vya kutosha na ile ya zamani, wakaizungushia utepe pale bomba linapopenya, kisha wakaunganisha upya nyaya za BRC zilizokatwa. Hakuna aliyewasimamia wakati huo.

Kuhusu trapu, walinishauri nisinunue zile za bei nafuu ambazo kikombe chake hushika maji kidogo mno. Maji yanayobaki ndani ya trapu ndiyo kizuizi pekee baina ya bafu na harufu ya majitaka, na kina chake kinapaswa kufika milimita 50. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa maji hayo hukauka, ndiyo maana mtu aliyesafiri hurudi na kukuta nyumba inanuka na mende wametokeza. Tuliyoichagua hufunguliwa kwa juu ili nywele zitolewe kwa mkono.

Kabla ya kufunika, waliziba bomba upande wa manholi, wakalijaza maji, wakatia alama na kuliacha usiku kucha. Nilipouliza kama zege isingeweza kumwagwa jioni hiyo hiyo, fundi alijibu, “Mama, kiungo kikivuja chini ya zege, itabidi tubomoe tena.” Asubuhi maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Zege ya saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne ilimwagwa, ikafunikwa magunia na kunyunyiziwa maji kwa wiki nzima.

Umaliziaji haukuwa na umakini huo. Dawa ya kuzuia maji ilipakwa mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, kuzunguka trapu, mahali ambapo bafu huvuja kuliko kwingine kote, na mkono wa pili ulipakwa baada ya mimi kuudai. Vigae karibu na mlango viliwekwa bila mteremko wa kutosha, maji yakawa yanatuama. Walipoitwa walirudi, wakaving'oa na kuvipanga upya bila malipo ya ziada. Vumbi lilienea hadi sebuleni kwa sababu hawakutundika turubai mlangoni, na kifusi kiliachwa getini kwa kuwa hesabu yao ya awali haikutaja gharama ya kukiondoa.

Bei yao ilizidi ya mafundi wengine niliowauliza, na kwa kazi ya chini ya sakafu ninaona ilistahili. Nitawaita tena kwa bafu la pili, ila safari hii turubai, mkono wa pili wa dawa na uzoaji wa kifusi vitaandikwa kwenye makubaliano kabla grainda haijawashwa, na vigae nitampa fundi mwingine.